Wachomeleaji peke yao wanaweza kujenga darasa?

Fundi wa Kaptembwo: Tuko saba, sote wa kuchomelea. Tunataka kuomba kazi ya madarasa hapa Nakuru kupitia AGPO, ile asilimia 30 ya tenda za serikali iliyotengewa vijana, wanawake na wenye ulemavu. Nimependekeza wachomeleaji tubaki watatu, tuingize mwashi, fundi wa stima, wa mabomba na mtu wa vitabu. Wenzangu wanasema nafukuza ndugu. Mnaonaje?

Mzee wa Bahati: Ndugu ni ndugu. Fundi wa stima unamwita siku unayomhitaji, unamlipa, anaenda zake. Na huyo wa vitabu ni wa nini? Vikundi huliwa na hao hao wa kalamu. Anakaa kivulini wenzake wakichomwa macho na moto, jioni anataka mgao sawa.

Kijana wa Kondele: Mzee, la stima hapana. Huku Kisumu mkandarasi aliyetuchukua alisema hivyo hivyo, fundi ataitwa. Alipofika plasta ilikuwa imekauka na rangi imeshapakwa. Kuta zikapasuliwa kwa grenda kutoka juu hadi kwenye swichi, vumbi mpaka ndani ya sufuria za mama wa chakula. Saruji mara mbili, rangi mara mbili, na sisi vibarua tukaambiwa tungojee pesa. Fundi wa stima akiwa mwenzenu tangu mwanzo, anawaambia msipige plasta kabla hajapitisha mapaipu.

Dada wa Vitabu, Kisumu: Nimefika hapo kwa "wa kalamu" nikashindwa kunyamaza. Mzee wangu, kwa heshima, nani hukesha na makaratasi ya tenda? Cheti cha kodi kikiwa kimeisha muda mnaondolewa kabla bei yenu haijaangaliwa. Mkinunua nondo bila risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki, tangu Januari 2024 mamlaka ya kodi, KRA, haikubali gharama hiyo. Mnatozwa kodi kana kwamba pesa mlibaki nazo mfukoni. Hicho ndicho kivuli ninachokaa.

Mzee wa Bahati: Mama, sikukutaja wewe. Wa kwetu alitoroka na michango, hadi leo hatujamwona.

Dada wa Vitabu, Kisumu: Na benki mlimwachia atie sahihi peke yake?

Mwalimu wa Ufundi, Kakamega: Turudi kwa swali jamani. Mtafiti Mwingereza, Meredith Belbin, alichunguza timu za mameneja, akachapisha matokeo 1981. Timu alizojaza watu wenye akili kali pekee mara nyingi zilifanya vibaya, kila mtu akibomoa hoja ya mwenzake. Akasema timu inahitaji majukumu tofauti, nadhani manane, baadaye tisa: wa kubuni, wa kupima, wa kukamilisha.

Mwashi wa Njoro: Mwalimu, hao walikuwa mameneja wakicheza michezo ya biashara. Hawakubeba jiwe. Halafu huyu wa Kondele ameeleza stima, dada ameeleza kodi, mwashi hakuna aliyemtetea. Mlango ukishauchomelea utaupachika wapi kama ukuta umepinda?

Kijana wa Kondele: Mwashi yuko sawa. Lakini ugomvi wenyewe ni pesa. Wa vitabu agawiwe sawa na wa moto au la?

Mzee wa Bahati: Mgao sawa, hapana.

Dada wa Vitabu, Kisumu: Basi nilipeni mshahara, msinihesabu mwanachama. Ila mjue AGPO kwa kundi la vijana inataka angalau asilimia 70 ya wanachama wawe vijana, na viongozi wote wawe vijana. Hapo undugu hauulizwi, kinachoulizwa ni kitambulisho.

Fundi wa Kaptembwo: Ngoja. Mwenyekiti wetu amepita 35, na yeye ndiye aliyetuanzishia karakana. Hawezi kabisa?

Dada wa Vitabu, Kisumu: Mwanachama anaweza, ndani ya ile asilimia 30 ya wanachama inayobaki. Uongozi auachie kabla hamjapeleka makaratasi.

Mzee wa Bahati: Mnaona sasa? Tumeanza na kuongeza mafundi, tumefika kumtoa mwenye karakana.

Mwashi wa Njoro: Na mimi bado sijajibiwa.