Mjadala: Je, jina la Baroni wa Tanga libaki kwenye ua la Usambara?

Mkulumuzi (mwanzisha mada)

Ndugu wasomaji, ninaleta hoja ambayo tangu mwaka 2024 imezungumzwa na wataalamu wa mimea kuliko na sisi tunaoishi mimea yenyewe inakoota. Julai mwaka huo, katika Kongamano la Kimataifa la Botania lililofanyika Madrid, ilipigwa kura ya kubadilisha majina yote ya kisayansi ya mimea, kuvu na mwani yenye neno "caffra" na maumbo yake, kwa kuwa neno hilo kusini mwa Afrika limekuwa tusi dhidi ya watu weusi. Kura 351 ziliunga mkono, 205 zikapinga, na kuanzia hapo majina hayo yanaandikwa "affra". Iliamuliwa pia kwamba jina jipya litakalochapishwa kuanzia tarehe 1 Januari 2026 linaweza kukataliwa endapo linadhalilisha kundi la watu. Majina ya zamani yaliyotolewa kwa heshima ya watawala wa kikoloni hayakuguswa. Swali langu ni je, nayo yabadilishwe?

Ili tusijadili hewani, natoa mfano wa hapa nyumbani, ua la Usambara, na wa Mjerumani aliyelipa jina la kisayansi. Hermann Wendland alizaliwa mwaka 1825 huko Herrenhausen, Hannover, katika ukoo uliotunza bustani za kifalme kwa vizazi vitatu, yaani babu yake, baba yake na yeye mwenyewe. Umahiri wake mkubwa ulikuwa katika jamii ya mnazi na mtende. Ile mimea ya Madagaska yenye mashina ya rangi ya manjano, inayopandwa kwenye vyungu mbele ya hoteli na ofisi za Dar es Salaam na Mombasa, yeye ndiye aliyeieleza kisayansi mwaka 1878 na kuiita Chrysalidocarpus lutescens, jina linalotokana na sura ya mmea wenyewe. Mwaka uliofuata aliipa mitende ya California jina la Washingtonia, kwa heshima ya George Washington, ambaye pamoja na sifa zake zote alikuwa mmiliki wa watumwa. Kabla ya hapo, akishirikiana na Berthold Seemann, alikuwa ameipa mitende ya visiwa vya Pasifiki jina la Pritchardia, kwa heshima ya konseli wa Uingereza huko Fiji. Kwa hiyo Wendland aliweza kutaja mmea kwa umbo lake alipotaka, na aliweza kuwapamba wakubwa alipotaka.

Mwaka 1893 aliwapamba wakubwa. Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga chini ya utawala wa Wajerumani, alikuwa amemtumia baba yake huko Silesia mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya rangi ya urujuani, unaoota kwenye miamba yenye kivuli karibu na Tanga na katika milima ya Usambara Mashariki. Baba akaufikisha kwa Wendland, naye akauundia jenasi mpya (yaani kundi la spishi zenye undugu), Saintpaulia, kwa heshima ya baba na mwana, na spishi akaiita ionantha. Mwaka huohuo ukaoneshwa Ghent, Ubelgiji, ukawavutia wauza maua, na leo ni miongoni mwa maua ya ndani yanayopendwa zaidi Ulaya na Marekani.

Baroni hakuwa wa kwanza kuuchukua. John Kirk, konseli wa Uingereza Zanzibar, aliukusanya mwaka 1884, na mwaka 1887 akaukusanya Kasisi W. E. Taylor, ambaye wapenzi wa lugha yetu wanamfahamu zaidi kwa kazi yake juu ya methali na mashairi ya Mombasa. Sampuli zao zilifika kwenye bustani ya mimea ya Kew, London, lakini hazikutosha kuandikiwa maelezo. Wendland alikuwa na mmea hai uliochanua mbele ya macho yake, na katika fani hii anayechapisha maelezo kamili ndiye anayetoa jina, hata kama hajawahi kuukanyaga mlima ule. (Jambo la kando: Baroni huyohuyo alikuwa ametunga kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili, kilichochapishwa mwaka 1890.)

Msimamo wangu ni kwamba jina libaki. Kanuni ya botania inatambua jina lililochapishwa mapema, bila kuuliza tabia ya anayetajwa, na upofu huo una faida yake. Mfano mzuri ni lile ua jekundu au la waridi linalopandwa barazani, Impatiens walleriana. Joseph Hooker wa Kew aliliita hivyo mwaka 1868 kwa heshima ya Horace Waller, mmisionari aliyepinga biashara ya watumwa. Mwaka 1882 Hooker huyohuyo, baada ya kupokea mbegu zilizotumwa na Kirk, alidhani ana spishi nyingine, akaiita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Ilipobainika baadaye kuwa spishi ni moja, jina la mwaka 1868 lilishinda na la Sultani likawa kisawe. Hakuna kamati iliyokaa kupima kama Waller alikuwa mwema kuliko Sayyid Barghash; tarehe zilitosha. Tukianza kupima wema, nani atashika mizani, na atatufanyia nini tutakapofika kwa Washington?

Tena, Baroni amekwisha kuporomoka bila sisi kumsukuma. Uchunguzi wa vinasaba ulionesha kwamba Saintpaulia imo ndani ya jenasi Streptocarpus, iliyopewa jina na John Lindley mwaka 1828, na mwaka 2015 ikaunganishwa rasmi humo. Ua la Wendland sasa ni Streptocarpus ionanthus. Saintpaulia limebaki jina la sehemu tu ndani ya jenasi hiyo, na jina la mazoea kwa wauza maua. Anayepinga aseme anataka kumtoa Baroni wapi zaidi.

Bint Vugha

Kaka Mkulumuzi, nakushukuru kwa mada, lakini huo upofu unaousifu siuoni. Kanuni hiyo imefumbua macho mara nyingi, na mara nyingi imefumbua kwa faida ya Wazungu.

Chukua mmea maarufu wa jangwa la Namib, Welwitschia, ambao hautoi maua halisi lakini unatufaa hapa. Friedrich Welwitsch aliuona kusini mwa Angola mwaka 1859, na yeye mwenyewe alipendekeza uitwe Tumboa, akifuata jina alilolisikia kwa wenyeji. Pendekezo lilichapishwa kwanza. Hooker, uliyemtaja, akaamua kumtukuza rafiki yake, akauita Welwitschia. Kwa kanuni ya tarehe, Tumboa ndilo lingepaswa kushinda. Hata hivyo wataalamu walitumia utaratibu wao wa kuhifadhi majina, wakalikinga Welwitschia na kulikataa Tumboa, kwa hoja kwamba limekwisha kuzoeleka. Utaratibu wa kulishinda jina la kale upo basi, una kamati zake na kura zake. Ulitumika kumkinga mgunduzi Mzungu dhidi ya neno la Mwafrika, na Madrid umeonesha kwamba unaweza pia kupanuliwa kuondoa tusi. Swali lako la nani atashika mizani lina jibu: imekuwa ikishikwa siku zote.

Pili, umemtaja Baroni kama mtu aliyetuma mmea kwa baba yake. Alikuwa ofisa wa utawala. Mwaka 1895, miaka miwili baada ya maua yale kushangiliwa Ghent, Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Wasambaa, hapa Vugha, na Novemba mwaka huohuo ikatolewa amri ya kifalme iliyoifanya ardhi yote iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola. Misitu ya Usambara Mashariki ilikuwa imekwisha kuanza kufyekwa kwa mashamba ya kahawa. Sisemi kwamba Saint Paul-Illaire aliyafanya hayo kwa mkono wake. Nasema jina lake lilipanda kwenye mmea wetu kwa sababu ya cheo, na cheo hicho kilitokana na utawala huo. Kirk na Taylor walitangulia, wala hakuna aliyeliita ua hilo kwa jina la mwongozaji wa Kisambaa au Kidigo aliyewaonesha mwamba linapoota.

Tatu, unasema ameporomoka. Kwenye vitabu, ndiyo. Kwa wauza maua, kama ulivyosema mwenyewe, jina lake bado linatumika.

Mwana wa Mbololo

Wenzangu, salamu kutoka Taita. Naomba niingie kwa ufupi, kwa sababu ua hili mnalibishania kana kwamba ni la Tanga peke yake. Sisi tunalo letu katika msitu wa Mbololo, lililoelezwa na B. L. Burtt wa Edinburgh mwaka 1958 kwa jina Saintpaulia teitensis, ambalo sasa ni Streptocarpus teitensis. Utaona kwamba jenasi ilipobadilika, Baroni alianguka lakini Taita ilibaki, na jina la spishi lilibeba mahali pake bila kumtukuza mtu. Napendekeza tuache kuhangaika na majenasi ya karne ya 19, tudai kwamba spishi mpya za milima yetu zipewe majina ya mahali. Hata hivyo sijashawishika kwamba kubadilisha kutasaidia sana: Streptocarpus yenyewe ilianzia kwa mmea unaoitwa rexii, kwa heshima ya George Rex, mlowezi wa Knysna. Ukimtoa mkoloni mlangoni, unamkuta sebuleni.

Mkulumuzi

Dada Bint Vugha, hoja ya Welwitschia ni nzito, na sitaipita kando. Lakini tazama kwa nini jina lile lilihifadhiwa: lilikuwa limetumika sana, na kulibadilisha kungevuruga maandishi. Kwa kipimo hichohicho, Saintpaulia nalo lingehifadhiwa. Tangu kitalu kimoja cha Los Angeles kilipoanza kuuza aina zake za kwanza katika miaka ya 1920, zimezalishwa aina kwa maelfu, na nyingi zimeandikishwa kwa jina hilo. Mkulima wa maua hafuati kura za Madrid.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisite. Machi 1943 hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Berlin iliungua kwa mabomu, na sehemu kubwa ya sampuli za asili ambazo Adolf Engler na wenzake walizitumia kueleza mimea ya Afrika Mashariki ilipotea. Kwa mimea mingi tulichobaki nacho ni jina, maelezo mafupi ya Kilatini na jina la mkusanyaji. Mti wetu wa msambu, Allanblackia stuhlmannii, umebeba jina la Franz Stuhlmann, mtumishi mwingine wa utawala ule, na jina hilo linamwelekeza mtafiti kwenye safari zake na mahali alipokusanya. Nikilifuta, mtafiti kijana wa kituo cha Amani, Usambara, ataanzia wapi?

Bint Vugha

Ataanzia palepale, kaka, kwa sababu katika botania jina lililoachwa halifutwi. Linaorodheshwa kama kisawe chini ya jina jipya, kama lilivyoorodheshwa jina la Sultani chini ya Waller. Maandishi yote yanabaki. Kinachobadilika ni jina linaloandikwa juu.

Wala sidai yafutwe yote kwa siku moja. Kongamano lijalo litafanyika Cape Town mwaka 2029, na Madrid iliunda kamati maalumu ya kushughulikia maadili ya majina. Ninachotaka kipelekwe huko ni kifungu kimoja: jina lililotolewa kwa heshima ya ofisa wa utawala wa kikoloni liweze kupingwa, mmea mmoja mmoja, na wataalamu wa nchi ambako mmea huo unaota kwa asili, na kura zao zihesabiwe kwanza. Wakikaa Dar es Salaam na Nairobi wakaamua kwamba Stuhlmann abaki kwenye msambu kwa sababu za kiutafiti ulizozitaja, nitaukubali uamuzi wao. Nisichokubali ni kwamba uamuzi huo usiwe wao kabisa.

Mwana wa Mbololo

Hapo nakuunga mkono, dada, isipokuwa kwa neno moja: mmea ukiota pande zote mbili za mpaka, kama ua hili letu, kura ya nani itahesabiwa kwanza, ya Tanga au ya Taita?