Tupeane uzoefu: kugeuza data ya programu kuwa XML kwa skripti

Tai_Mweusi: Wadau, leo nimekutana na skripti (programu fupi) ya lugha ya Perl inayotoa XML (matini inayopanga data ndani ya lebo), nikakumbuka mbali. Kila mtu aseme palipomuumiza.

binti_kodi: Alama ya &. Mtu anaunganisha matini kwa mkono, jina la mteja lina & katikati, faili zima linakataliwa, maana kwenye XML alama hiyo ina kazi maalumu.

Ngwena: Umenena.

Mkongwe_Perl: Hiyo cha mtoto. Tulirithi skripti inayotumia XML::Simple, moduli ya Perl ya kusoma na kuandika XML: usiku inaandika malipo, asubuhi skripti nyingine inayasoma. Jumla zikagoma kulingana. Tukakagua mtandao, tukakagua hifadhidata, watu wakaanza kunyoosheana vidole. Nikafungua faili lenyewe: malipo yote yamo!

`<lipo id="7" kiasi="300"/>`
`<lipo id="7" kiasi="450"/>`

Nikamwaga kilichosomwa kwa Data::Dumper, moduli inayoonyesha data ilivyo ndani ya programu. Orodha imekuwa heshi (jedwali ambalo kila ufunguo una thamani moja tu)! Moduli ile ikikuta elementi (lebo na yaliyomo) zinazojirudia zenye name, key au id, inaigeuza thamani hiyo kuwa ufunguo. Hiyo id ilikuwa ya mteja, kwa hiyo 450 ikaifuta 300. Pesa za watu zinapotea kimyakimya! Weka `KeyAttr => []` kuzima ugeuzaji huo, na ForceArray pia, maana bila hiyo orodha yenye kitu kimoja hairudi ikiwa orodha.

Kinyonga: Ndiyo maana watu wanahama Perl.

Mkongwe_Perl: Kaka, usiisingizie lugha. Nyaraka za moduli hiyo zenyewe zinaonya isitumike kwenye kodi (code) mpya. Moduli nyingine, XML::LibXML, ipo.

Kinyonga: Sawa mkuu, ila ElementTree, maktaba ya XML ya lugha ya Python, ukiweka namba 5 kwenye text bila kuifanya matini, inakurushia TypeError (kosa la aina ya data) wakati wa kuandika. Bora ikatae.

binti_kodi: Majina ya elementi je? ElementTree haiyakagui! Ufunguo "2019" unatoka `<2019>` bila lawama, na XML hairuhusu jina la elementi lianze na tarakimu. Andika `<mwaka thamani="2019">`.

Ngwena: Na None, ile thamani tupu ya Python?

Tai_Mweusi: Usiiandike kabisa.

Mkongwe_Perl: Hapana! Andika `xsi:nil="true"`, alama ya XML ya kusema elementi ipo ila ni tupu. Kukosekana na kuwa tupu ni vitu viwili.

Pepo_Kavu: Kwenye data yetu, mzazi alimtaja mtoto, mtoto akamtaja mzazi. Tukapata RecursionError, kosa la programu kujirudia kupita kiasi.

Ngwena: Hamieni JSON, muundo mwingine wa kuandika data, mpumzike.

Pepo_Kavu: JSON nayo inaligomea duara hilohilo, ndugu. Tuliandika id ya mzazi peke yake ndani ya mtoto, ikapita.