Mama hataki kuhama nyumba ya mlimani Mwanga na magoti yamechoka, ngazi tuzifanyeje?

mtoto_wa_mwanga

Mwakeye wadau, naomba mawazo hasa kwa mlioko Kigoma maana milima yetu mnaijua. Mama yangu ana miaka 76, anakaa nyumba ya familia huku Mwanga, upande ule barabara iko chini nyumba ziko juu, na kutoka barabarani mpaka barazani ni ngazi za mawe na zege alizokuwa anazijenga marehemu baba kila akipata mfuko wa simenti, kwa hiyo kila kidaraja kina kimo chake. Choo kiko nje nyuma.

Zamani alikuwa anapanda na ndoo kichwani, dagaa mkononi na maneno juu. Sasa hivi anapanda kiupandeupande kashika goti, akifika katikati anakaa chini kabisa anajifanya anaangalia watu wanaopita barabarani. Juzi kati kateleza wakati anashuka, hakuvunjika lakini mkono wote ulichubuka. Alikuwa katoka kujichua miguu na mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, halafu kavaa kandambili, unaweza kufikiria.

Ndugu zangu wa Dar wanasema ahamie kwao, huko hakuna ngazi. Mama hataki hata kusikia, anasema siku akiondoka wapangaji wa vyumba vya uani hawatalipa kodi hata ya mwezi mmoja. Na wale wapangaji nawajua, ana hoja.

Sasa hizi ngazi zinatengenezeka au tutakuwa tunatupa hela? Kuna jamaa kaniambia nizivunje zote nimwage mteremko.

fundi_gungu

Mteremko sahau mkuu. Mteremko wa mtu asiye na nguvu au wa kiti cha magurudumu, kila sm 1 ya kupanda inataka sm 12 za kwenda mbele. Kama kutoka barabarani mpaka barazani ni mita 3 za kwenda juu unahitaji mita 36 za zege, utapita viwanja vya majirani mpaka ufike kwa balozi. Ile miteremko mikali watu wanayomwaga hapa mjini ni mibaya kuliko ngazi, mvua zikianza Novemba utaona watu wanavyoshuka kwa makalio.

Kinachoangusha wazee ni hivyo vimo kutolingana. Ukishapanda viwili vitatu vya kimo kimoja mguu haukuulizi tena, unajiendea wenyewe, sasa ukikutana na kimoja kimezidi sm 3 ncha ya kiatu inagonga na mtu yuko chini. Chukua futi kamba upime kila kidaraja uandike kwenye karatasi. Tunatafuta sm 15 mpaka 17 za kimo, na pa kukanyagia sm 30 ili unyayo wote uingie. Na usikubali fundi akuzibie kimoja kimoja, ukiinua cha chini umeshapunguza kimo cha juu yake, kazi inaanzia barabarani inapanda. Pale mama anapokaa katikati pageuze kituo, sehemu pana ya bapa na benchi la zege, akae kwa heshima zake.

Halafu chuma cha kushikia, na hiki ndo ukifanye hata kama hela ya zege haijapatikana. Pande zote mbili, sio moja. Bomba la GI, yaani la chuma lenye zinki, la inchi na robo, la mviringo, kiganja kinalizunguka lote. Wachomeleaji watakushawishi uchukue la pembe nne lenye maua maua, kataa, hilo ni la kuangalia. Kimo sm 90 hivi ila mpime mama mwenyewe. Na bomba lianze kabla ya kidaraja cha kwanza na lipite cha mwisho kama sm 30, maana wengi wanaangukia mwanzo au mwisho wa ngazi, mtu anaachia mkono akidhani ameshafika.

kimya_kingi

Nyie mnahangaika na mabomba, mzee wa miaka 76 anapelekwa Dar hapo anakaa na wajukuu anapumzika. Akianguka tena mje mtuambie zile ngazi zilikuwa na chuma cha inchi ngapi.

mzee_wa_reli

Huyu aliyesema apelekwe Dar nadhani bado magoti yake mazima. Mwanangu mimi nina miaka 79, nakaa Katubuka, na nilipoanza kuchoka wanangu walikuja na maneno hayohayo, walishapanga hadi chumba nitakacholala kabla hawajaniuliza.

Nikuambie kitu. Mimi nimefanya kazi reli mpaka nastaafu. Kwenye behewa hapandi mtu bila kushika vile vyuma viwili vya mlangoni, kijana wa miaka 20 anashika, dereva anashika, mkaguzi wa tiketi na unifomu yake anashika, na hakuna aliyewahi kumwita mwenzake mgonjwa kwa sababu ya hiyo. Sasa kwa nini nyumbani kwangu nione haya kushika chuma? Mama yako akikataa hilo bomba kwamba anafanywa kikongwe, mwambie hivyo. Na lisiitwe chuma cha mama, liwe chuma cha nyumba, wapangaji nao washike, wajukuu washike.

La pili, mikono iwe mitupu. Mimi sipandi na kitu, simu iko mfukoni, mkate unabebwa na mtoto. Mwanamke aliyezoea kubeba atakuona unamnyang'anya kazi, basi mtafutie begi la mgongoni.

La tatu la usiku. Choo cha nje saa 8 usiku wakati mvua inanyesha ndiko tunakoishia wengi. Nina ndoo yangu yenye kifuniko chumbani na sioni aibu, na mkipata hela mtengenezeeni choo cha kukaa, kuchuchumaa na kuinuka ni kazi kuliko hizo ngazi.

nesi_bangwe

Mzee umeongea, shikamoo. Mimi niongeze ya mwilini maana ngazi mnazijadili sana mama kasahaulika.

Kwanza apimwe kwanini ameanza kuyumba. Anatumia dawa za presha? Baadhi zinashusha presha ghafla mtu akisimama, kizunguzungu, anaanguka, lawama zinaenda kwa goti. Asubuhi akae ukingoni mwa kitanda dakika moja mbili ndo asimame. Macho pia, mtoto wa jicho anamfanya asione kidaraja kinaishia wapi, hasa jioni akishuka. Sera ya wazee ya 2003 ilisema kuanzia miaka 60 asiye na uwezo atibiwe bila malipo, ulizeni ofisi ya mtaa utaratibu wa sasa na kitambulisho, ingawa huyu mwenye wapangaji sijui kama watamwandika asiye na uwezo 😂

Diklofenaki za dukani kila siku HAPANA. Zinaumiza tumbo na figo na zinapandisha presha, na wazee wetu wanazimeza kama chakula.

Halafu misuli ya paja. Goti likiuma mtu anakaa, akikaa misuli inapungua, ikipungua goti linabeba mzigo wote linauma zaidi. Achukue kiti kigumu kilichoegemea ukuta, ainuke akae polepole bila kusukuma na mikono, mara 5 asubuhi 5 jioni, akizoea aongeze. Fimbo aishike mkono wa upande wa goti zima, wengi wanashika upande unaouma. Urefu, asimame wima na viatu, mkono uning'inie, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono pale unapovalia saa, na chini kuwe na raba. Kupanda anatanguliza mguu mzima, kushuka anatanguliza unaouma pamoja na fimbo.

Mise ajichue usiku akishapanda kitandani, na kandambili zitupwe kabisa, avae viatu vyenye kamba ya nyuma.

mtoto_wa_mwanga

Shikamoo mzee, asanteni wote. Hii ya behewa nimemwambia mama, kacheka, akasema basi bomba lipakwe rangi ya bluu. Nimepima vidaraja, kifupi ni sm 11 kirefu ni sm 24, sikujua kama hali ni mbaya hivyo. Hela ya kubomoa yote sina kwa sasa, nianze na mabomba. Fundi, vile vidaraja virefu nifanyeje kwa muda? Na rangi pembeni inasaidia au ni urembo?

fundi_gungu

Sm 24 hiyo hata mimi napumua. Kwa muda jengea kidaraja cha nusu mbele yake kama chini kuna nafasi, kikaushwe vizuri kisicheze, ila usiweke tofali lililolala tu au jiwe, hilo litamuua mtu.

Rangi sio urembo. Piga mstari wa njano upana wa vidole vitatu kwenye ukingo wa kila kidaraja, na kabla haujakauka mwagia mchanga mkavu uliochekechwa, ndo hauteleze mvua ikinyesha. Mchanga wa ziwani osha kwanza. Taa moja ya sola chini moja juu. Na kabla hujachimba nguzo angalia bomba la maji linapita wapi, huko Mwanga yamezikwa juujuu sana.