Mlinzi kaambiwa "usije kesho": faili lake CMA nianzie wapi?

Wakili_Dawatini

Wakuu, habari za kazi. Nimepangiwa dawati la wafanyakazi wa kipato cha chini kwenye kituo cha msaada wa kisheria hapa Dar. Wanaokuja zaidi ni walinzi, wahudumu wa baa na dada wa kazi. Faili lililo mezani: mlinzi wa usiku, miaka 4 kazini, hana mkataba wa maandishi, mshahara 234,000 kwa mwezi. Lindo lake ni saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, usiku 6 kwa wiki. Msimamizi kamwambia kwa mdomo asirudi. Leo ni siku ya 19. Nimuulize nini kwanza, nidai nini, na mafaili ya namna hii hufia wapi?

Mama Usuluhishi

Wakili, una siku 11 tu. Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, au tangu mwajiri atoe uamuzi wake wa mwisho. Madai mengine, kama mishahara na saa za ziada, ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Kwa hiyo swali la kwanza ni tarehe. Usikubali jibu la "mwisho wa mwezi uliopita". Mpeleke taratibu: usiku wa mwisho lindoni ulikuwa siku gani, nani alimpokea zamu, simu ya msimamizi iliingia lini. Fungua orodha ya simu zilizopigwa mkae nayo pamoja.

Swali la pili ni jina la mwajiri, na hapo ndipo mafaili mengi yanapozikwa. Mlinzi anajua jina lililoshonwa kwenye sare, ambalo mara nyingi ni jina la biashara tu. Ukilijaza hilo kwenye CMA F1, fomu ya kufungulia mgogoro, unaweza kushinda ukabaki na tuzo (uamuzi wa Tume) isiyo na wa kuilipa, kwa sababu mwenye akaunti na magari ni kampuni yenye jina jingine. Tafuta usajili BRELA (wakala wa usajili wa kampuni na majina ya biashara), kisha linganisha na jina la mwajiri kwenye taarifa ya michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ya mlinzi na jina linalotokea mshahara ukiingia kwenye simu au benki. Yakipishana, ulizia mpaka ujue kwa nini kabla hujapeleka fomu.

Karani wa Zamani

Naongezea ya fomu. F1 ndiyo hati yako ya madai. Usichokiandika humo usitarajie kukiomba baadaye kwenye uamuzi, hatua inayofuata usuluhishi ukishindikana. Sehemu B ni ya kuachishwa kazi, ijaze. Kiasi kiandike kwa mchanganuo: notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, likizo ambayo hakwenda, mshahara wa siku alizofanya, kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika (mwisho miaka 10), saa za ziada, posho ya usiku, na cheti cha utumishi. Fidia iweke mstari wake peke yake. Sheria za kazi zilifanyiwa marekebisho mwaka 2025, kwa hiyo usinakili viwango vya fidia kutoka kwenye mafaili ya zamani.

Nakala ya fomu imfikie mlalamikiwa kwanza, ndipo ufungue ukiwa na uthibitisho. Ofisini wakikataa kugonga muhuri, aliyeipeleka aandike na kusaini: alifika saa ngapi, alimkuta nani, alijibiwa nini.

Tarehe ya usuluhishi mwandikie mlinzi kwenye karatasi, mkononi. Asipofika, shauri linaweza kutupwa.

Hesabu_za_Zamu

Kabla ya kushika kikokotoo, soma Amri ya Mishahara ya sekta ya ulinzi. Kama mshahara wake uko chini ya kima cha chini kilichowekwa humo, hesabu zote zianzie kwenye kima. Hapa natumia 234,000 yako kama ilivyo.

Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zidisha kwa 4.333, unapata 195. Kwa hiyo saa moja ni 1,200. Saa ya ziada ni mara moja na nusu, 1,800.

Kwa usiku mmoja saa 9 za mwanzo, yaani mpaka saa 9 usiku, ni za kawaida; tatu zinazobaki ni za ziada. Usiku tano zinakupa saa 15. Usiku wa sita wote ni ziada, saa 12. Jumla 27, sawa na 48,600 kwa wiki. Nimehesabu na muda wa chakula, kwa sababu asiyeruhusiwa kuondoka getini bado yuko kazini. Muulize hilo, kisha lithibitishe.

Posho ya usiku ni asilimia 5 kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Saa za kawaida zilizoangukia humo ni 35, kila moja 60: 2,100. Za ziada ni 25, na asilimia 5 hapo hupigwa juu ya kiwango cha ziada, 90: 2,250. Wiki nzima ni 52,950. Mtu huyu amekuwa akikesha bila hata shilingi ya hizo, na hesabu yake inatosha nusu karatasi!

Mwajiri atasema walikubaliana zamu za saa 12. Sheria inaruhusu hilo kwa makubaliano ya maandishi na si zaidi ya siku 5 kwa wiki. Usiku wa sita unaubomoa utetezi huo. Atakaposema saa za ziada zilipita kikomo cha saa 50 kwa wiki nne, hilo ni kosa lake yeye, halimfutii deni.

Malimbikizo ya zamani yataibua hoja ya muda. Andaa CMA F2, fomu ya kuomba kufungua nje ya muda, na kiapo: umechelewa kiasi gani, kwa nini, uzito wa madai, na nani ataumia. "Hakujua sheria" haipokelewi kama sababu.

Wakili_Dawatini

Ahsanteni sana. Kuna kitu kimejitokeza leo: alipewa 100,000 akasaini karatasi ya "nimelipwa haki zangu zote". Nakala hana.

Mama Usuluhishi

Usiifiche, wao wataitoa. Itaje mwenyewe na hiyo 100,000 ipunguze kwenye madai. Muulize kama ilisomwa kwake, kama vipengele viliorodheshwa, nani alikuwepo. Kubwa kuliko yote, kama ina maneno "nimeacha kazi kwa hiari", maana hapo ataanza kwa kuthibitisha kwamba aliachishwa. Ushahidi utakuwa ile simu ya msimamizi, ujumbe mfupi, na mlinzi mwenzake aliyeshika lindo usiku uliofuata. Mwambie asiuze hiyo simu wala kufuta chochote, na picha za kitabu cha zamu zibaki humo humo zilikopigwa.

Karani wa Zamani

Na mkielewana kwenye usuluhishi, mkataba utaje kiasi, tarehe za kulipa, na kwamba awamu moja ikikosekana deni lote linadaiwa mara moja. Michango ya NSSF isiyolipwa iwekeni kando kwa maandishi, isimezwe na neno "haki zote". Hiyo mlinzi anaifuatilia kwa NSSF wenyewe.