Dirisha laganda programu ikisoma skani za mizigo, nishike laibrari gani ya thredi?

mtoto_wa_tudor
Asalaam aleikum wadau. Kuna ofisi moja ya klaringi hapa mjini naiandikia kijiprogramu cha kompyuta, Python na PySide6 (laibrari ya Qt ya kutengeneza madirisha), kazi yake ni kuingia kwenye folda wanayotupia skani za hati za mizigo inayoshuka Kilindini, kuzisoma kwa Tesseract (programu ya kugeuza picha kuwa maandishi) kupitia pytesseract, kuchomoa namba za kontena na uzito, halafu kulinganisha na Excel alotuma mteja na kuweka kila kitu kwenye hifadhidata ya SQLite. Hesabu zatoka sawa kabisa. Shida ni ukishabonyeza "Anza" dirisha lote laganda, lageuka jeupe, Windows yasema programu haijibu, na yule mama wa ofisini akiona vile aifunga kwa nguvu na kazi ishafika nusu.

Sasa nimesoma mambo ya thredi, yaani kazi kadhaa kwenda pamoja ndani ya programu moja, mpaka kichwa chaniuma. Kuna threading ya Python yenyewe, kuna concurrent.futures, kuna QThread, kuna QThreadPool, kuna multiprocessing, na jamaa mwengine aniambia asyncio. Mashini zao ni i5 za zamani, kori 4, RAM giga 4. Nyinyi mngeshika ipi? Na tafadhali sitaki kuambiwa nihamie C#.

pwani_kodi
Multiprocessing bro, usijisumbue. Python ina GIL, kufuli yake ya ndani, thredi moja tu ndo huendesha kodi ya Python kwa wakati mmoja, ni kama Likoni ibaki feri moja, panga magari utakavyo yatavuka kwa zamu tu. Ukitaka kori zote 4 zitoke jasho lazima uwe na prosesi mbalimbali, yaani programu kadhaa zinazojitegemea. Python 3.13 ilotoka 2024 ina toleo lisilo na GIL lakini lilikuja kama jaribio, sio kitu cha kumwekea mteja.

mama_wa_mitambo
@pwani_kodi kuhusu GIL wasema kweli, ila kwa kazi hii haimgusi vile unavyodhani. Pytesseract haisomi picha yenyewe, inaita ile tesseract.exe kama programu ya pembeni na kukaa kungoja jibu, na thredi ya Python ikiwa yangoja huachilia GIL. Kwa hivyo prosesi tofauti anazo tayari bila kuandika multiprocessing hata mstari mmoja! Na multiprocessing kwenye Windows ina vituko vyake, ukishaifungasha programu iwe .exe kwa PyInstaller ukasahau freeze_support pale mwanzo, kila prosesi mpya inaanzisha programu yote upya, madirisha yafunguka mpaka mashini inalala.

Mwanangu wa Tudor, kabla ya kuchagua laibrari jua kwanza nani aruhusiwa kugusa dirisha. Ni thredi kuu peke yake. Hiyo sio sheria ya Python wala ya Qt tu, ukienda Swing ya Java ni hivyo hivyo, ukienda hiyo C# usoitaka pia ni hivyo hivyo. Thredi kuu ndo inayopokea mibonyezo ya mausi na kuchora dirisha, ukiipa kusoma skani haipati nafasi ya kuchora ndo waona jeupe. Na ukimpa thredi mwengine kazi halafu huyo mwengine akaandika moja kwa moja kwenye lebo au kwenye ile baa ya kuonyesha kazi imefika wapi, leo itakubali, kesho itakuangusha bila hata ujumbe wa kosa.

Sasa kwa vile ushaingia Qt, tumia vya Qt. Skani ni nyingi na kila moja inajitegemea, kwa hivyo QThreadPool, kundi la thredi zinazogawana kazi, kila faili QRunnable yake, yaani kazi moja. QRunnable sio QObject (klasi ya msingi ya Qt), haina signali, ule ujumbe wa Qt wa kupelekeana habari, itabidi utengeneze kiklasi kidogo cha QObject cha kubeba signali. Na ukiunganisha, unganisha kwenye methodi ya dirisha lenyewe, usiunganishe na lambda (funksheni isiyo na jina), ndo Qt ijue mpokeaji yuko thredi gani na ipeleke ujumbe kwa foleni.

Jengine ambalo wengi hawalijui, Tesseract kuanzia toleo la 4 yenyewe hutumia thredi kadhaa kwa picha moja. Ukiendesha nne pamoja kwa kori 4 zagombana na kazi yazidi kuchelewa. Weka OMP_THREAD_LIMIT iwe 1 kwenye os.environ kabla hujaanza, halafu setMaxThreadCount 3, kori moja uwaachie wenyewe wafanye kazi zao. Kwa giga 4 mimi hata 2 ningeanza nayo.

fundi_changamwe
Mama nakuheshimu ila hapo kwa QRunnable sikubaliani. Mimi ningeshika ThreadPoolExecutor ya concurrent.futures, iko ndani ya Python tangu 3.2, na kodi ya kusoma skani inabaki haijui Qt ni nini, waweza kuijaribu bila dirisha, na kesho mteja akitaka iendeshwe kwa seva usiku huandiki upya. Qt iingie mahali pamoja tu, signali moja ya kurudisha matokeo. Ila chunga add_done_callback, ya kusajili funksheni ya kuitwa kazi ikiisha, hiyo kwa kawaida huitwa ndani ya thredi ya kazi sio thredi kuu, kwa hivyo humo toa signali tu, usiguse lebo.

asyncio achana nayo, kwa kazi hii utajiongezea mzunguko wa pili wa matukio juu ya ule wa Qt bure tu.

Na SQLite, koneksheni ya sqlite3 hutumika kwenye thredi ilofunguliwa tu, ukivuka yakurushia ProgrammingError. Rahisi ni thredi za skani zirudishe matokeo na mmoja tu ndo aandike.

mama_wa_mitambo
@fundi_changamwe hoja yako ya seva naikubali. Kama mteja ana dalili za kutaka hivyo, chukua ya fundi.

mtoto_wa_tudor
Shukran sana. Mteja alishataja mambo ya seva kwa hivyo naenda na ThreadPoolExecutor. Lakini Excel je, zengine zina maelfu ya mistari, nazo nitie humo humo? Na kitufe cha "Sitisha" nakifanyaje, naona QThread ina terminate.

fundi_changamwe
Excel tia humo humo. openpyxl ni Python tupu kwa hivyo hapo GIL utaihisi kidogo, dirisha litakuwa zito zito ila haligandi maana Python hubadilisha zamu kila milisekunde 5. Ifungue na read_only=True, RAM itakushukuru.

terminate usiiguse kabisa, yaweza kuua thredi katikati ya kuandika faili au imeshika kufuli ambayo haitafunguliwa tena. Tengeneza threading.Event moja, ni kama bendera ya kuwashwa, kila kazi iangalie kabla ya kuanza skani mpya, ikikuta imewashwa inarudi. Zilizo kwenye foleni zifute kwa shutdown(wait=False, cancel_futures=True), hiyo cancel_futures iko kuanzia Python 3.9, na bila wait=False dirisha litaganda likingoja skani zinazoendelea, halafu "Anza" ikibonyezwa tena watengeneza executor mpya. Skani ilokwisha anza iache imalize. Na hayo hayo yaweke kwenye closeEvent, methodi inayoitwa dirisha likifungwa, la sivyo dirisha litafungwa na programu ibaki yaendelea nyuma mpaka foleni yote iishe, halafu yule mama ataifungua tena na utakuwa na programu mbili zagombania folda moja.