Naomba ushauri: malazi ya bei nafuu Puglia, Italia

Habari zenu wakuu. Mimi na mama tunatarajia kwenda kusini mwa Italia mwezi wa tano, tutafikia Bari. Hoteli kubwa hatuzitaki. Tunatamani nyumba ya wageni ya familia, au agriturismo, yaani shamba linalolaza wageni na kuwapikia mazao yake lenyewe. Mama amezipenda mno trulli za Alberobello, zile nyumba za mawe zenye paa la umbo la pia, zilizoingia Urithi wa Dunia mwaka 1996. Ila pale watalii wanajaa sana. Je, miji ya jirani, Locorotondo au Cisternino, kuna utulivu na bei nzuri zaidi? Hatuna gari, na magoti ya mama hayawezi ngazi nyingi. Bajeti yetu ni yuro 70 kwa usiku. Aliyewahi kulala huko anisaidie tafadhali.