Kwa nini ayoni za metali hudumu kwenye anga ya juu kuliko ayoni za hewa?

Msikilizaji_FM
Ndugu wanajamvi, naishi kusini mwa Uingereza, na kila ifikapo Juni hutokea siku ambapo redio yangu ya FM hunasa stesheni za Hispania kwa muda, kisha zikapotea. Nimesoma kwamba chanzo ni ayoni za metali (atomu zilizopoteza elektroni) zitokanazo na vimondo, zilizojikusanya takriban kilomita 100 juu yetu. Kwa nini ziwe za metali, ilhali hewa ya huko ina oksijeni na nitrojeni tele ambazo jua huzigeuza kuwa ayoni kila siku?

Kemia_ya_Anga
Ndugu mleta mada, jibu limo katika kile kinachotokea ayoni inapokutana na elektroni. Ayoni ya molekuli, tuseme ile ya oksijeni yenye atomu mbili, ikinasa elektroni huvunjika papo hapo, na nishati iliyozidi huondoka na vile vipande viwili. Ndiyo maana mchana haimalizi hata dakika chache. Ayoni ya chuma au ya magnesi ni atomu moja tu, haina pa kuvunjikia, hivyo sharti iitoe nishati hiyo kama mwanga, jambo ambalo hutokea kwa nadra mno. Juu ya kilomita 100 inaweza kudumu kwa siku kadhaa. Ikishuka zaidi hukutana na ozoni, ikachukua atomu ya oksijeni na kuwa molekuli, na hapo mwisho wake huwa karibu.

Wala tusizipe sifa kubwa mno zile mvua za vimondo zinazotangazwa magazetini: sehemu kubwa ya metali hii huletwa na vumbi la angani linaloingia kila siku, kwa kasi ya kuanzia kilomita 11 kwa sekunde, na kuungua bila mtu kuliona.

Fundi_Antena
Niongeze kwamba kudumu peke yake hakutoshi, kwa kuwa ayoni zilizotawanyika haziwezi kurudisha mawimbi ya FM. Upepo uvumao kuelekea mashariki, ukikatiza uga wa sumaku wa Dunia, huzisukuma ayoni juu, na ule wa kuelekea magharibi huzisukuma chini. Basi wa magharibi ukiwa juu ya wa mashariki, ayoni hubanwa katikati zikawa utando wenye unene wa kilomita chache tu, pengine hata pungufu ya hapo. Ayoni za molekuli hufa kabla ya kubanwa kiasi hicho.

Msikilizaji_FM
Nashukuru sana. Je, nyumbani Afrika Mashariki utaratibu ni huo huo?

Kemia_ya_Anga
Inategemea uko wapi. Ikweta ya sumaku haifuatani na ikweta ya ramani; kwa upande wetu hupita Ethiopia, karibu na Addis Ababa. Hapo mistari ya uga imelala, na elektroni, ambazo hushikiliwa na mistari hiyo, haziwezi kuzifuata ayoni juu na chini, kwa hiyo ubanaji wa upepo hudhoofika. Mwangwi wa redio unaopatikana huko mchana husababishwa zaidi na mkondo mkali wa umeme unaopita kwenye kimo hicho hicho. Ukielekea kusini hadi Dar es Salaam, mistari imekwisha kuinama vya kutosha kwa upepo kufanya kazi yake.